Nani Ameacha Kisu Wazi?

Mama mkwe wangu akipoteza kitu, hakitafutwi kitu, tunatafutwa sisi. Siku kisu chake kilipopotea aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akautoa mtupu, akanitazama mimi. Hakuuliza kisu kiko wapi. Aliuliza, "Umekiweka wapi?"

Sikuwa nimekigusa. Katika karakana ile hakuna aliyethubutu kukigusa kisu cha Mama bila ruhusa, hata mume wangu ambaye ni mtoto wake wa kuzaa. Nikajibu, "Mama, mimi kisu chako nakijulia wapi?" Akasema ndiyo hayo majibu yangu, na siku ile ikawa imeharibika kabla chai haijapoa.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu kilichoshikana na nyumba, mlango wa mbele unatazama barabara na wa nyuma unatazama jikoni. Tunatengeneza viti. Kochi lililobonyea, kiti cha ofisi kilichochanika, benchi la kusubiria linalotoa sponji nje, vyote vinakuja kwetu. Tunavua nguo kuukuu, tunabadilisha mikanda na sponji, tunavisha nguo mpya. Mama alianza kazi hii kabla mume wangu hajazaliwa. Mtaa mzima unamwita Mama Viti na wengi hawajui kama ana jina lingine. Mimi nilikuja kuolewa, ikaonekana nina mikono, nikakabidhiwa cherehani. Yeye ananiita Bibi Haraka. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akasema nisingekuwa na haraka ningesubiri nijue mwenyewe.

Kisu kilichopotea kilikuwa cha kukunja, cha mfukoni, mpini wa mbao uliokuwa mweusi kwa gundi na jasho. Bapa lake lilikuwa limenolewa mpaka likabaki jembamba. Kwa kisu hicho Mama alikata uzi, akafumua mishono, akakwangua gundi iliyokauka, akafungua marobota ya kitambaa, akachonga penseli ya kuchorea, na mchana akamenyea chungwa lake, baada ya kukipangusa kwenye aproni huku akisema gundi haina vitamini.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kisu kimoja kiwe na mambo yote hayo wakati duniani kuna mikasi na vile visu vya plastiki ambavyo wembe wake unakatika vipande vipande. Aulize, lakini asimuulize Mama. Wembe wa kukatika haukanyagi karakana yetu, kwa sababu kuna mwaka kipande chake kilibaki ndani ya sponji na mteja akakikalia. Kisu cha jikoni nacho hakikunjiki, na fundi wa viti kutwa anainama, anapiga magoti, analala chali chini ya kochi. Kisu kisichokunjika kitamtoboa mwenyewe kabla hajatoboa kitu kingine. Mkasi anautumia, lakini si kila mahali. "Mkasi unatafuna," husema. "Kisu kinaamua."

Na kisu kilikuwa na sheria zake mbili. Ya kwanza, kikimaliza kazi kinafungwa. Ya pili, hakitoki mkono kwenda mkono: unakiweka mezani kimefungwa, mwenzio anakiokota. Nilipokuwa mgeni nilimnyoshea mkono nikipokee, akanipita kana kwamba sipo, akakiweka mezani, akasubiri. Sikurudia tena.

Basi tulikitafuta. Tulihamisha meza ya kukatia, tukamwaga pipa la vipande, tukafumua hata mto wa paka. Jioni, nikiwa nafagia kwa hasira, Mama akasimama katikati ya chumba akashika kichwa. Alikuwa na mazoea ya kukichomeka kisu, kimefungwa, pembeni mwa kiti, pale mgongo unapokutana na kikalio, ili avute kitambaa kwa mikono miwili. Yeye akakichomeka, mimi nikaja na sindano yangu kubwa, nikashona. Kisu tulikuwa tumekishonea ndani ya kochi la watu.

Kochi gani, hakuna aliyejua. Wiki ile tulikuwa tumepeleka viti kila pembe ya mji. Mama akasema twende. Tukaanza na mwenye duka la dawa, Mama akakalia makochi yake yote, moja baada ya jingine, akijitikisatikisa.

"Mama Viti, kuna shida?" yule mama akauliza.

"Hakuna. Nasikiliza sponji."

Sponji haikusema kitu. Nyumba ya pili tuliwakuta wanakula, na Mama akaanza kubinya kiti alichokalia baba mwenye nyumba huku baba mwenyewe bado yuko juu yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njiani nikamwambia nyumba ya tatu ataenda peke yake, mimi nina watoto wanaohitaji mama mwenye heshima. Akasema, "Kanunue kingine."

Kama ningejua yatakayofuata, ningeenda ile nyumba ya tatu, na ya nne, na ya kumi.

Kisu cha kwanza nilikichagua mwenyewe kwenye duka la vyuma lililo karibu na stendi. Mpini mzuri, bapa lisilozidi upana wa kiganja, na ubavuni kina kijifereji cha kuingizia ukucha ili ulivute bapa litoke. Mama alikipokea, maana yake nilikiweka mezani akakiokota. Akakipima uzito. Akaingiza ukucha, akavuta. Akavuta tena. Akakirudisha mezani. "Kigumu. Rudisha."

"Mama, kipya lazima kiwe kigumu. Kitalainika."

"Kitalainika mimi nikiwa nimeshazikwa. Rudisha."

Nikarudisha. Muuza vyuma, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akakifungua na kukifunga mbele yangu kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Akanipa cha pili, kile chenye kitufe: unabonyeza, bapa linaruka lenyewe. Nikafurahi, nikasema mzee huyu sasa atanyamaza.

Kisu hicho hakikulala kwetu hata usiku mmoja. Mama alikibonyeza mara moja, akashtuka, akasema hiki ni cha wahuni, lakini akakitia mfukoni. Alipoinama kuokota kipande cha uzi, kitufe kikabonyea, bapa likatoka ndani ya mfuko, likatoboa aproni na kumchoma pajani. Haikuwa jeraha kubwa. Kelele ndiyo ilikuwa kubwa. Niliambiwa nimetumwa kununua kisu nikanunua mtego, na kwamba kama nimechoka na mama mkwe wangu niseme, si kumtuma kisu. Nikamsafisha, nikamfunga kitambaa, nikarudi stendi.

"Dada," muuza vyuma akaniambia, "wewe unanunua kisu au unachumbia?"

"Nipe laini," nikasema. "Nipe laini kuliko vyote."

Akanipa laini. Kililegea kiasi kwamba ukikitikisa karibu na sikio kinacheza. Mama akakitikisa, akanitazama, akalikandamiza bapa mgongo wake kwenye ukingo wa meza ili aone kama litashikilia. Likajifunga pap! "Hapa ndipo vidole vinapobaki," akasema. Kwa hilo alikuwa na haki, nikamkubali, ingawa moyoni nilikuwa nafuka moshi. Mume wangu, ambaye kazi yake katika ugomvi wa nyumba hii ni kupita kati yetu na sahani yake akisema mtaelewana tu, akapita na sahani yake akasema mtaelewana tu.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wahenga walisema. Wahenga hawakuwa na mama mkwe wangu. Kwetu mwenye kwenda kununua kisu ndiye anayeliwa nyama.

Mara ya nne nilikaa dukani mpaka muuza vyuma akaniletea kigoda. Nilifanya kila jaribio ninalolijua kwa Mama. Nilipitisha makali juu ya ukucha wa kidole gumba kwa upole, yakang'ata badala ya kuteleza. Nililikandamiza bapa kwenye ukingo wa kaunta, likashikilia. Nilikitikisa karibu na sikio, hakikucheza. Mpini ulikuwa na mikwaruzo ya kuzuia kuteleza hata mkono ukiwa na gundi. Kwenye bapa palikuwa na kinundu kidogo cha kusukumia kwa kidole gumba, unasukuma kidogo tu, bapa linazunguka nje na kujikaza lenyewe. Nilikifungua na kukifunga mpaka muuza vyuma akasema nitakimaliza.

Nikakiweka mezani. Mama akakiokota, akakipitisha kwenye majaribio yale yale, kwa utaratibu ule ule, akitafuta kosa. Hakulipata. Niliona anavyotafuta. Mwisho akaweka kidole gumba kwenye kinundu, akasukuma, uso wake ukajifunga. Akasema, "Hebu nenda kaninunulie uzi mweusi."

Uzi mweusi tulikuwa nao. Nilijua tunao, lakini nani ana nguvu ya ugomvi mwingine? Nikatoka, nikafika getini, nikakumbuka pochi, nikarudi kwa mlango wa nyuma.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu amekibana katikati ya magoti. Mkononi alishika koleo. Alikuwa analivuta bapa kwa koleo, kama mtu anayeng'oa msumari. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimelala tu pembeni, hakishiki koleo, hakishiki chochote.

Nilirudi nyuma bila kukanyaga kwa nguvu. Nikasimama jikoni. Kumbe kile kisu cha zamani kilikuwa kimechakaa kiasi kwamba kilifunguka kwa kuguswa tu, kilikuwa kimemfichia kidole chake. Hapo ndipo mambo yalianza kunijia. Chupa ya gundi: tangu lini naifungua mimi? Vifungo vya gauni lake vilikuwa vimegeuka vya kubana, nikadhani ni mtindo. Ufunguo wa karakana aliniachia, akisema Bibi Haraka anafaa kuamka kwanza. Vyote vile nilikuwa nimevipokea kama uonevu. Hakuna kisu kilichokuwa na kosa ila kile cha kitufe na kile kilicholegea. Kosa lilikuwa mkononi, na Mama alikuwa anakirudisha kisu dukani kwa sababu mkono haurudishiki.

Ningeweza kumwambia. Mtu mwingine angemwambia, Mama, kidole chako kinaumwa, twende hospitali. Lakini hospitali maana yake mume wangu ajue, na mume wangu akijua, dada yake anajua kabla chakula hakijaiva. Na wifi yangu alikuwa anasubiri hilo tu.

Wifi si mtu mbaya. Mgala muue na haki umpe: anampenda mama yake kuliko macho yake mawili. Ana nyumba kubwa upande mwingine wa mji, na ndani yake chumba cha Mama kimepakwa rangi, kimewekwa kitanda, runinga na zulia la kukanyagia miguu ikitoka kuoga. Kila akija anasema, "Mama umefanya kazi vya kutosha, njoo upumzike." Mama aliwahi kwenda akakaa wiki nzima. Aliporudi nilimuuliza ilikuwaje, akasema alikaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Halafu akaingia karakana, akanusa gundi, akanifokea kwa kukunja kitambaa vibaya. Alikuwa na furaha siku ile.

Kwa hiyo nilijua vizuri kilicho mezani. Mama akionekana hawezi kufungua kisu, atachukuliwa. Hatafungwa kamba, hapana, atachukuliwa kwa upendo, na kwa upendo ndiko asikoweza kubisha. Karakana itafungwa, mimi nitapata amani. Nilipoifikiria hiyo amani, bila makelele yake asubuhi, niliona baridi. Sijui yaliniingia lini mapenzi ya mwanamke yule. Hayakuniomba ruhusa.

Asubuhi iliyofuata nilitangulia kufungua karakana. Kisu kilikuwa mezani, kimefungwa. Nikakifungua kwa kidole kimoja, nikakiacha hapo, bapa likitazama ukutani, nikaenda kukaa kwenye cherehani.

Mama akaingia. Akakiona. "Nani ameacha kisu wazi?"

"Mimi, Mama. Nilikuwa nakata uzi."

"Mtu mzima na watoto wake anaacha kisu wazi mezani! Kwenu hamkuwa na visu, mlikuwa mnakula kwa meno?" Akakichukua, akaanza kufumua mshono wa kiti cha ofisi.

Basi ikawa hivyo. Mchana, kabla hajala chungwa, nilikata uzi nikaacha kisu wazi. Akanifokea, akamenya chungwa. Alasiri nilikwangua gundi ambayo haikuwepo, nikaacha kisu wazi. Akanifokea, akafungua robota. Kufunga aliweza: alibonyeza kifungio kwa kiganja na kulisukuma bapa kwenye paja lake. Kufungua ndiko kulikomshinda. Na kila siku nikawa mwanamke mzembe, mwanamke asiyefundishika, mwanamke atakayekuja kukata watu vidole. Wateja walinihurumia. Mmoja aliniambia pembeni, "Vumilia dada, wazee ndivyo walivyo, lakini na wewe kisu ufunge."

Jamani, hata mtakatifu angechoka. Kuna siku nilikuwa na homa, kichwa kinagonga, nimeinuka kitandani kwa ajili ya kwenda kumfungulia kisu tu, halafu nisimame pale nisikilize jinsi mama yangu mzazi alivyokosea kunilea. Nilitaka kupiga kelele: nakifungua kwa ajili yako! Nikajikaza kisabuni. Je, alijua? Sikujua kama anajua. Alikuwa ananifokea kwa bidii yote, hakunipunguzia hata siku moja.

Mume wangu ndiye aliyemwaga mtama. Kwa wema wake usio na breki alimwambia dada yake kwenye simu kwamba siku hizi Mama amekuwa mkali, visu vyote havifai, hata penseli hachongi. Hakumaanisha kitu. Wifi akatia maana.

Alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa viatu vya mtu aliyekuja kukaa. "Leo nimekuja kushinda na Mama," akasema, akavuta kiti kilichokuwa kinasubiri mikanda, akakaa mbele ya meza. Hakutazama uso wa Mama, alitazama mikono. Nikajua.

Kazi ya siku ile ilikuwa kiti kimoja cha mikono cha mteja mmoja mstaafu. Kitambaa alikuja nacho mwenyewe, kimetosha kwa kubana, akatuambia duka lililomuuzia limefungwa. Kwenye kiti cha aina hiyo kuna mahali pagumu kuliko pote, pale kitambaa cha kikalio kinapokutana na mguu wa mkono wa kiti. Lazima ukichane kitambaa kizunguke ule mti. Ukichana kifupi, kinakunjamana. Ukizidisha, tundu linaonekana, na kitambaa chote kimekwenda. Mkato ule hakuna aliyewahi kuukata katika karakana yetu ila Mama, kwa ncha ya kisu.

Nilikuwa nimekiacha kisu wazi kama kawaida. Mama akaingia kutoka jikoni, akakiona. "Nani ameacha kisu wazi?"

"Mimi, Mama."

"Kila siku! Kila siku inayokuja kwa Mungu!"

"Wifi, na wewe," wifi akadakia, "na watoto wanapita hapa?" Akainuka, mwanamke mwenye akili zake, akakichukua kisu, akakifunga tik! akakidumbukiza kwenye mfuko wa aproni ya mama yake, akapigapiga mfuko kwa nje. "Haya. Kiko salama."

Nilimtazama wifi, na nilichokitamani wakati ule hakiandikiki.

Tukavuta kitambaa. Mimi upande huu, Mama upande ule, kwa viganja na vidole vile vinne. Kikakaa. Ikabaki ile sehemu ya mkono. Mama akatia mkono mfukoni, akatoa kisu. Akaweka kidole gumba kwenye kinundu. Wifi akasogeza kichwa mbele.

Nikafanya ilichoniambia akili yangu ndogo: nikaangusha kopo la misumari. Lilipiga kelele ya kuamsha wafu, misumari ikaruka mpaka barabarani. Wifi hakugeuka. Hata kope hakupepesa.

Kidole cha Mama kilikuwa juu ya kinundu, kinatetemeka. Nilikiona kikisukuma. Kisu hakikusikia.

Halafu akageuka kwangu, akaninyoshea mkono, kisu kiko kwenye kiganja chake. "Shika," akasema.

Sikushika. Nilikuwa nasubiri akiweke mezani, kama nilivyofundishwa. Tukatazamana.

"Shika, nimesema! Unasubiri nini, barua ya mwaliko?" Sauti ilikuwa ile ile ya kila siku. Macho hayakuwa yale. "Miaka yote unakaa kwenye cherehani unanipigia kelele za tatatata. Leo mkono wa kiti utaukata wewe. Nataka nijue nilikuwa nafundisha mtu au nafundisha mashine."

Nikakipokea. Mkono wake kwenda mkono wangu. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Nikasukuma kinundu, bapa likatoka mara moja, kirahisi mno, na urahisi ule uliniuma.

"Piga magoti," akasema. "Pima kwa kidole chako, si kwa macho yako, macho yako yana haraka. Weka ncha hapo. Si hapo! Hapo. Bakiza unene wa kidole kimoja kabla ya mti. Sasa kata. Polepole! Unakata kitambaa au unapasua kuni?"

Nilikata. Jasho lilinidondoka puani likaanguka kwenye kitambaa cha watu, nikatukanwa kwa hilo pia. "Ishia hapo. Sasa chana miguu miwili ya mkato, kushoto na kulia, kama herufi Y. Kushoto kwanza. Kushoto kwako, si kwa jirani!" Nilikata kushoto, nikakata kulia. Nikavuta. Kitambaa kikazunguka mti, kikalala.

Mama akainama, akapitisha kiganja chake chote juu yake, huku na huku. "Kibaya," akasema. "Lakini kuna vibaya zaidi."

Wifi aliangua kicheko. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama, mimi nimekuja nikidhani umechoka, kumbe una nguvu za kumuua mke wa mtu!" Akakaa mpaka mchana, akanywa chai, akatueleza habari za majirani zake, wala hakutazama tena mikono ya mtu. Wakati wa kuondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Akanishika bega. "Wifi, nakuomba kitu kimoja tu. Usiwe unaacha kile kisu wazi. Mama akijikata sitakusamehe."

"Nimesikia, wifi," nikasema. Nikarudi ndani kuokota misumari.

Jioni ile tulipiga stepla za mwisho, tukafunga kiti kwa plastiki, tukafunga milango.

Jumatatu nilitangulia karakana. Nikakifungua kisu, nikakiacha mezani, bapa likitazama ukutani. Nikakaa kwenye cherehani nikavuta pumzi, nikisubiri kuambiwa kwetu tulikula kwa meno.

Mama akaingia. Akakiona kisu. Akasimama kidogo, akakichukua, akaenda kwenye kiti chake, akaanza kufumua mshono. Hakusema kitu.

Mchana niliacha kisu wazi karibu na chungwa lake. Akamenya, akala, akafuta bapa. Kimya. Mteja aliyekuwepo akatushangaa. Nilishona mshono mmoja mara tatu kwa kuupotosha, sikio langu lote liko upande ule. Kwa miezi nilikuwa nimeomba anyamaze, na sasa amenyamaza nikashindwa kukaa kitini. Alasiri nikashindwa kabisa, nikasimamisha cherehani.

"Mama," nikasema, "leo umesahau kunifokea."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kukata nyuzi, moja moja, kwa kisu ambacho nilimfungulia mimi.

"Nitakufokea kesho," akasema. "Leo nimechoka."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Nikawasha cherehani, nikaikanyaga kwa nguvu, itoe kelele.